Kitunda na Swali la Wakati: Mjadala wa Vita katika Tamthilia ya Kinjeketile

Tangu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilipochapishwa mwaka 1969, uhakiki wake umemzunguka mtu mmoja. Kinjeketile ametazamwa kama nabii, kama mkombozi, na kama shujaa wa tanzia anayeangushwa na kile alichokizaa mwenyewe. Wanafunzi wa shule za sekondari ambao wamekisoma kitabu hiki kizazi baada ya kizazi wamezoea kuulizwa swali lile lile: je, aliwadanganya watu wake au alidanganywa? Swali hilo si baya. Hata hivyo limefunika jingine ambalo tamthilia yenyewe inalianza mapema zaidi, kabla ya maji kuonekana jukwaani, nalo ni swali la kijeshi. Watu wasio na silaha za kutosha, waliogawanyika kwa makabila, na ambao njaa imekwisha kuwadhoofisha, waingie vitani lini, kwa mpango gani, na kwa amri ya nani? Anayelibeba swali hilo si Kinjeketile. Ni Kitunda.

Mkutano wa siri wa wanaume, ulio karibu na mwanzo wa mchezo, husomwa kwa haraka na wengi kana kwamba ni maandalizi tu ya kutokea kwa nabii. Kwa hakika ni baraza la vita, na hoja zinazotolewa humo ndizo zitakazorudi tena na tena. Wote waliohudhuria wanakubaliana juu ya dhuluma: shamba la pamba la Mjerumani, viboko vya wanyapara, na makonde yao wenyewe yaliyoachwa bila mkono wa kuyalima. Wasichokubaliana ni la kufanya. Kibasila anaona kwamba kusubiri ni woga, na kwamba mtu anayepigwa hahitaji hesabu kabla ya kurudisha pigo. Kitunda anajibu kwa hesabu hasa. Adui ana bunduki; wao hawana. Adui ana amri moja. Wao bado wanatazamana kwa jicho la kabila. Kupigana katika hali hiyo, kwa maoni yake, ni kumpa Mjerumani nafasi ya kuwamaliza kundi baada ya kundi.

Inafaa kuangaliwa jinsi mwandishi alivyomkinga Kitunda na tuhuma ya woga. Katika fasihi ya mapambano, mtu anayeshauri subira mara nyingi huwa ni msaliti, au mzee aliyechoka, au mwenye mali anayeogopa kuipoteza. Kitunda si mmoja wao. Udhalimu unamfikia nyumbani mwake, juu ya binti yake mwenyewe, na bado hataki vita vianzishwe kwa hasira ya mzazi. Hapo ndipo Hussein anapomtenga kamanda na mpiganaji. Mpiganaji ana haki ya kulipiza kisasi. Kamanda anadaiwa roho za watu. Msomaji anayempenda Kibasila kwa ukali wake, na ni wengi wanaompenda, hana budi kuulizwa kama angekubali kuongozwa naye kwenda kulikabili boma lenye bunduki za rashasha.

Jina la Kibasila lenyewe linastahili neno moja hapa. Katika historia, Digalu Kibasila alikuwa jumbe wa Uzaramo aliyenyongwa na Wajerumani baada ya vita, na hakuna sababu ya kumdhania kuwa kijana wa papara. Mwandishi amelichukua jina na kulipa tabia nyingine, kama alivyo na uhuru wa kufanya, na kama alivyotangaza katika utangulizi wake kuhusu Kinjeketile mwenyewe, kwamba wa jukwaani si yule wa historia. Ndiyo maana ni afadhali kuyatenga majina: Kinjeketile ni wa tamthilia, Kinjikitile Ngwale ni mganga wa Ngarambe aliyeishi, akapandwa na pepo Hongo mwaka 1904, akagawa maji, akanyongwa.

Wahusika wengine hawana hata jina la kuazimwa. Wanaitwa kwa makabila yao tu: Mngindo, Mkichi. Wahakiki wameliona hili kuwa ni njia ya kuwakilisha umma. Yamkini ni hivyo, lakini lina kazi nyingine. Kabla ya maji, majina hayo yanaonyesha mgawanyiko anaoulalamikia Kitunda. Baada ya maji, umoja unapokuwa umetangazwa na kushangiliwa, majina pembezoni mwa ukurasa hayabadiliki. Mngindo anaendelea kusema kama Mngindo. Msomaji wa kitabu analiona hilo hata kama mtazamaji ukumbini halioni, na linamwachia shaka kwamba umoja uliopatikana kwa siku moja mtoni haujaingia katika damu.

Maji yanapokuja, mjadala wa baraza la vita unageuka bila kufungwa. Katika hoja mbili za Kitunda, ya umoja na ya silaha, maji yanaijibu ya kwanza kwa namna ambayo hakuna hotuba ingeweza kuijibu. Watu waliokuwa wakishukiana wanakusanyika, wananyunyiziwa maji yale yale, wanakubali kufundishwa vita pamoja. Kuhusu hoja ya pili, maji yanajidai kuijibu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu anayeamini kwamba risasi itageuka maji hana tena haja ya kuuliza juu ya bunduki, juu ya ardhi ya kupigania, wala juu ya saa ya kushambulia. Kwa maneno mengine, maji yanajenga jeshi na papo hapo yanaliondolea jeshi hilo sababu ya kufikiri kama jeshi. Kinjeketile anaipigania tafsiri ya kwanza: kwamba nguvu ni umoja. Askari wake wameishika ya pili, na si ajabu, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kushikwa na mtu aliye na njaa na mgongo wenye alama za kiboko.

Kuna kitu kingine kinachomtia Kinjeketile shaka, nacho ni ile ahadi iliyotoka kinywani mwake mwenyewe alipokuwa amepandwa na pepo, kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili inapomrudia anatambua maana yake: kumfukuza bwana mmoja ili kumrudia mwingine, mwenye kumbukumbu ya utumwa. Kwa mtazamo wa kidini hili ni suala la pepo mwongo. Kwa mtazamo wa vita ni suala la lengo, na ndilo swali ambalo baraza la kwanza halikuliuliza kabisa. Kibasila na Kitunda walibishana juu ya namna na wakati. Hakuna aliyeuliza baada ya ushindi kutakuwa na nini. Inashangaza kwamba swali hilo linaletwa na mganga na si na wanaume wa vita, tena linaletwa wakati ambapo hakuna anayetaka kulisikia.

Basi hapa ndipo penye kiini cha tamthilia kama igizo la uongozi. Viongozi wote wawili, nabii na kamanda, sasa wanataka kusubiri. Wafuasi ndio wanaotaka kwenda. Mpangilio huu ni kinyume cha ule unaozoeleka katika masimulizi ya vita visivyopendwa, ambamo wakubwa husukuma na wadogo husukumwa. Hussein ameonyesha jambo gumu zaidi: mamlaka yaliyopatikana kwa muujiza yanaweza kuwatuma watu mbele, hayawezi kuwazuia. Kinjeketile alipoamuru waungane, waliungana, kwa sababu pepo alikuwa amesema. Anapoamuru wangoje, pepo hajasema. Anasema mtu tu, na mtu huyo anaonekana kuwa na hofu. Kila anavyozidi kueleza sababu ndivyo anavyozidi kujivua unabii.

Na Kitunda je? Wahakiki wamemhurumia mno katika sehemu hii. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mafunzo ya askari. Yeye ndiye aliyejua, kabla ya mtu mwingine yeyote, kwamba tatizo la silaha halijatatuliwa. Mamlaka yake hayakutokana na maji. Yalitokana na busara yake iliyojulikana kabla ya maji. Kama kulikuwa na mtu ambaye angeweza kusema na wapiganaji kwa lugha ya vita, juu ya kuvizia, juu ya njia za chakula, juu ya kuchagua adui aliye barabarani badala ya adui aliye ndani ya boma, ni yeye. Badala yake anayaegemeza mamlaka yake juu ya mamlaka ya Kinjeketile, na nguzo hiyo inapotikisika anabaki bila msimamo. Mwanzoni alikuwa na hoja na hakuwa na jeshi. Sasa ana jeshi na hoja yake ameiweka kando. Pengine aliona, kama wanavyoona makamanda wengi, kwamba imani ya askari ni mali isiyofaa kuguswa usiku wa kuamkia vita. Lakini usiku huo haukufika ghafla. Zilikuwapo siku za mafunzo, na kamanda aliyezitumia siku hizo kunoa miguu na mikono bila kugusa fikra amefanya nusu ya kazi yake.

Elimu ya vita hivyo ilikuwapo nchini, wala haikuhitaji kuletwa kutoka ng'ambo. Mwaka 1891, huko Lugalo, Mkwawa wa Wahehe alikiangamiza kikosi cha Zelewski kwa kukivizia njiani, bunduki zake zikiwa hazijapata nafasi ya kupangwa. Mwaka 1894 Mkwawa huyo huyo aliipoteza ngome yake ya Kalenga, kwa kuwa aliwangoja Wajerumani nyuma ya kuta, mahali ambapo mizinga ilikuwa na faida yote. Alirudi msituni akasumbua mpaka kifo chake mwaka 1898. Mafunzo yote mawili, la ushindi na la kushindwa, yalikuwa ya jana tu vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, na Wahehe waliolipia mafunzo hayo hawakujiunga. Kutokuwapo kwao ni hukumu ya kijeshi iliyotolewa kimya kimya na watu wenye ujuzi.

Ili kuona ukubwa wa uamuzi wa Hussein kama mtunzi, hapana budi kuweka tarehe za historia kando ya matukio ya jukwaani. Pamba ya kwanza iling'olewa Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905, na mapokeo yanaeleza kwamba Wamatumbi walichoka kungoja amri kutoka Ngarambe. Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, yaani katika siku za mwanzo kabisa. Shambulio la boma la Mahenge lilifanyika tarehe 30 Agosti, karibu majuma manne baada ya kifo chake, na vita viliendelea mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo yule aliyeleta maji hakuwaona watu wakifa kwa kuyaamini. Hakuulizwa na walionusurika. Hakuitwa kukana. Vita virefu vilipiganwa bila nabii, na sehemu kubwa yake bila kiongozi mmoja wa kukubaliwa na wote.

Tamthilia imekichukua kifo kilichokuwa mwanzoni na kukipeleka mwisho. Kinjeketile wa jukwaani anaishi mpaka baada ya maangamizi, anafungwa pamoja na Kitunda, na wawili hao wanapewa saa ya kuulizana. Hili ndilo badiliko kuu kuliko yote yaliyofanywa na mwandishi juu ya historia, na ndilo linaloifanya tamthilia iwe mjadala. Historia haikuwapa watu wa kusini nafasi hiyo ya kumkabili aliyewaongoza, jukwaa limewapa. Anayelalamika kwamba mwandishi amepotosha tarehe hajaiona kazi iliyofanywa na upotoshaji huo.

Inaeleweka pia kwa nini badiliko hilo lilifanywa wakati ule. Makala ya John Iliffe juu ya mpango wa vita vya Maji Maji yalitoka mwaka 1967, na mwaka 1968 yeye na G. C. K. Gwassa walichapisha Nairobi kumbukumbu za vita hivyo zilizokusanywa kwa wazee. Kutokana na kazi hizo yalijulikana mambo kama likinda, yale mafunzo ya kivita yaliyofanywa Ngarambe, na njwiywila, ule ujumbe wa siri uliosambazwa kwa kunong'onezana. Taifa jipya la Tanzania lilihitaji kuwaona waasi wa 1905 kama watu walioungana kabla ya chama na kabla ya bendera, na wanahistoria wa Dar es Salaam walilitimiza hitaji hilo kwa ustadi. Baadaye umoja huo umetiliwa shaka. Kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010 kinaonyesha vita vingi vidogo, kila kimoja na sababu zake, ugomvi wake na hesabu zake. Jambo la kuvutia ni kwamba tamthilia ya 1969, ingawa ilizaliwa katika hewa ya umoja, haikuudanganya ugomvi. Baraza lake la vita linafanana zaidi na maelezo ya wanahistoria wa baadaye kuliko ya wale wa wakati wake.

Mahenge ni mahali ambapo hoja ya Kitunda ilipimwa kwa damu. Wapogoro na Wambunga walilikabili boma lililokuwa na bunduki mbili za rashasha, zile ambazo lugha ya askari iliziita bombomu. Walikuja kwa wingi na kwa uwazi, kama watu wasioogopa risasi. Lakini wingi huo haukufika kwa pamoja: kundi la kwanza lilikuwa limekwisha kuvunjwa la pili lilipotokea upande mwingine. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa tofauti kati ya umoja wa imani na umoja wa amri. Wote walikuwa wamepata maji; hawakuwa wamepatana saa.

Tamthilia inapofika kwenye maangamizi ya bomani, inayachukulia kuwa ndio mwisho wa vita. Hapa mhakiki analazimika kusema kwamba kitu kikubwa kimepotea. Baada ya Mahenge vita havikwisha, viligeuka. Wangoni, baada ya kushambuliwa na kushindwa mwaka 1905, walianza kuyaacha maji na kurudia vita vya msituni vya vikundi vidogo, yaani walifika mahali ambapo hoja ya Kitunda ilikuwa ikielekea tangu mwanzo. Chabruma aliendelea kupigana baada ya wakubwa wengine wa Ungoni, Mputa Gama na nduna Songea Mbano wakiwa miongoni mwao, kunyongwa mwaka 1906. Alivuka kwenda nchi iliyotawaliwa na Wareno na kuuawa huko. Kwa hiyo mjadala wa mkakati uliendelea katika maisha, tena kwa ukali zaidi, miongoni mwa watu waliokwisha kujua kwamba maji hayazuii risasi na ambao hata hivyo hawakuweka silaha chini. Swali lao lilikuwa zito kuliko la askari wa Kinjeketile. Mtu anayepigana kwa kuamini kwamba hatakufa anahitaji imani tu. Mtu anayeendelea kupigana baada ya kujua kwamba atakufa anahitaji sababu, na sababu hizo Hussein hakuzitafuta.

Wajerumani nao walibadili mbinu. Chini ya Gavana von Götzen, vikosi vyao viliacha kuwafukuza wapiganaji peke yao, vikaugeukia mtama na mahindi. Vijiji vilichomwa, akiba za nafaka zikaharibiwa au kuchukuliwa, upandaji ukazuiwa, na njaa ikaachwa ikamilishe kilichoanzishwa na risasi. Takwimu zinazotajwa kwa kawaida ni Wazungu 15 na askari Waafrika 389 waliokufa upande wa serikali. Upande wa wananchi Wajerumani wenyewe walikubali watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefika hata 250,000 au 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Katika vita vya namna hiyo uwanja wa mapambano si boma, ni ghala la nafaka. Kamanda anayepanga mashambulio bila kupanga watoto watakula nini amekwisha kushindwa kabla ya kuonana na adui. Hata Kitunda, kwa busara yake yote, anahesabu bunduki na hahesabu magunia.

Kuna sauti nyingine katika fasihi ya Kiswahili inayopaswa kuwekwa kando ya tamthilia hii, nayo ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mtunzi huyo alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, aliyewatazama wapiganaji wa bara kwa mbali na kwa dharau. Kwake maji ni upuuzi, na walioyaamini ni wajinga waliojiletea balaa. Katika miaka ya baada ya uhuru utenzi huo ulipata aibu. Ulionekana kuwa ni sauti ya kibaraka. Hukumu hiyo ina ukweli wake, ila haitoshi. Utenzi unahifadhi jambo ambalo tamthilia imelifuta, kwamba vita hivi havikupendwa na wote waliovipata. Walikuwapo waliolazimishwa kunywa maji kwa kuogopa jirani zao, walikuwapo waliokimbilia mijini, na walikuwapo askari Waafrika waliobeba bunduki za Mjerumani na ambao ndio waliofanya sehemu kubwa ya kuua na kuchoma. Mtu wa Lindi aliyeona wakimbizi wakiingia mjini bila chochote hakuhitaji kuwa kibaraka ili aulize ni nani aliyewatuma. Jukwaani, mashaka juu ya vita yako ndani ya kambi tu, kwa wakubwa wawili; raia hana zamu ya kusema hapana.

Kwa upande mwingine, ni haki kumlinganisha Hussein na waliomfuata. Katika tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya Dedan Kimathi, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, kiongozi anajaribiwa kwa vishawishi vya adui na anavishinda. Busara yake ya kivita haijadiliwi na walio chini yake kama jambo linaloweza kuwa na kosa. Ina nguvu zake, hasa ukumbini. Lakini anayetaka kujua jinsi watu wanaopendana na wenye lengo moja wanavyoweza kubishana juu ya vita mpaka wakaangamia, hatapata huko anachokipata kwa Hussein.

Onyesho la gerezani ndilo linalofunga mjadala, na limefungwa kwa namna isiyomwacha mtu na raha. Wajerumani wanataka Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uwongo. Kitunda naye anataka aseme, na hapa ndipo kamanda anaposikika tena baada ya kunyamaza muda mrefu. Hoja yake ni ya mtu aliyewaona askari wake wakianguka: kama maji ni uwongo, na uwongo huu umeua, na unaendelea kuua, basi kuukana ni kuokoa waliobaki. Hoja ya Kinjeketile ni ya mtu anayetazama vizazi: akikana maji, kinachokanwa si maji peke yake, bali haki ya watu ya kupigana, na wajukuu wataambiwa kwamba babu zao walikosa kuasi. Kwa kawaida darasani wanafunzi huelekezwa kumpa Kinjeketile ushindi, na tamthilia yenyewe inaonekana kumpa, kwa kuwa neno la mwisho ni lake. Tena historia ya siasa imemthibitisha. Vita vya 1905 vilikumbukwa katika harakati za uhuru kwa namna ile ile aliyoitabiri.

Ila ushindi huo una bei, na bei hiyo haikulipwa na Kinjeketile. Wakati anapokataa kukana, wapo watu nje ya gereza ambao bado wanayaamini maji na ambao kesho watatembea wima mbele ya bombomu. Kitunda anasema kwa niaba yao. Wajukuu hawajazaliwa, hao wamekwisha kuzaliwa, na wana majina ambayo kamanda aliyewafundisha anayajua. Kumsoma Kitunda katika onyesho hili kama mtu aliyevunjika moyo, au mtu aliyetekwa akili na mateso, ni kumdhulumu. Ni yule yule wa baraza la kwanza, akihesabu tena, ila safari hii anahesabu maiti. Tofauti ni kwamba wakati hoja yake ingeweza kubadili kitu aliiacha kando, na sasa anaitoa mahali ambapo anayefaidika nayo ni adui. Hussein hakumpa Kinjeketile jibu la kutosha juu ya watu hao walio nje. Amempa jibu lililo kubwa, ambalo si sawa na la kutosha.

Waongozaji wa michezo wanaoandaa onyesho hili wana mazoea ya kumweka Kinjeketile katikati penye mwanga na Kitunda pembeni gizani. Mpangilio huo unaamua mjadala kabla ya maneno kusemwa. Wangejaribu kuwaweka sawa, au hata kumweka Kitunda karibu zaidi na watazamaji, wangeona kwamba ukumbi haukubali upesi kama darasa linavyokubali. Na wangeweza kufanya jingine. Tamthilia inaanza na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, wakizungumza juu ya chakula ambacho hakipo na waume ambao hawaonekani. Ni mazungumzo ya kawaida, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu, na ndiyo pekee ambayo ndani yake vita vinapimwa kwa chungu kilicho mekoni. Vita vilipofika mwaka 1906 chungu hicho ndicho kilichokuwa kikilengwa na von Götzen. Hussein hakuwarudisha wanawake hao kufunga mchezo aliowapa kuufungua. Hakuna kinachomzuia mwongozaji kuwaacha jukwaani, kimya, wakiwasikiliza wanaume wawili gerezani.